Kifafa si Mapepo: Habari za Vijilango vya Neva

Kuna ugonjwa ambao hapa kwetu Kitengela watu huutaja kwa kunong'ona. Mtu akiumwa na malaria atasema waziwazi hata ndani ya matatu. Akiwa na kisukari atakwambia usimtilie sukari kwenye chai. Lakini akiwa na kifafa, nyumba nzima hufunga mdomo, nao majirani wakafungua yao. Ati amerogwa. Ati ana mapepo. Ati ukikanyaga mate yake utaupata na wewe. Basi mgonjwa hutengewa kikombe chake, sahani yake na hata kiti chake.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ndiyo sababu nimeonelea nilieleze jambo hili kinaganaga katika jarida letu la Chama cha Kiswahili. Tutaanzia kwenye kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, nacho ni kijilango kilicho katika ngozi ya seli ya neva. Tukishakifahamu hicho, mapepo yatakosa pa kukaa.

Majina yanatuambia nini

Hebu tuanze na lugha. Litamke neno kifafa polepole. Unasikia nini ndani yake? Unasikia kufa. Aliyeanguka, akapoteza fahamu, kisha akaamka, watu walimwona kama aliyekufa kidogo akarudi. Neno la pili ni degedege, yaani mtukutiko unaompata mtoto mdogo akiwa na homa kali. Katika imani za pwani, hilo lilihusishwa na dege, pepo wa umbo la ndege anayempitia mtoto. Utafiti uliofanywa Bagamoyo, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi walianzia kwa mganga mtoto alipopatwa na degedege, ilhali mara nyingi ilikuwa malaria kali iliyotaka hospitali upesi.

Mimi siwacheki wazee waliobuni majina hayo. Walieleza walichokiona kwa nje, maana kwa ndani hakuna aliyekuwa na chombo cha kuonea. Sisi tunacho, kwa hivyo hatuna kisingizio.

Boma na malango yake

Ubongo wa mtu una seli za neva takriban bilioni 86. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba mno. Ili tuelewane, chukulia boma la Kimaasai, kama zile unazoziona ukielekea Isinya. Kuna ua wa miiba pande zote, na kuna malango. Mifugo haipiti kwenye miiba. Hupita langoni, na lango hufunguliwa kwa wakati wake.

Utando wa seli ndio huo ua. Mifugo ni ioni, zile chembe zenye chaji tulizozisoma katika kemia Kidato cha Pili: sodiamu, potasiamu, kalisiamu na kloridi. Malango ni protini ndogondogo zilizotoboka katikati, ambazo mimi nitaziita vijilango. Kuna kijilango cha sodiamu, kuna cha potasiamu, kuna cha kalisiamu na kuna cha kloridi. Kila kimoja huchagua wapitaji wake. Kikifunguka, ioni mamilioni huweza kupita kwa sekunde moja tu.

Sasa, sodiamu imejaa nje ya seli, takriban mara kumi kuliko ilivyo ndani. Potasiamu nayo imejaa ndani. Hali hiyo haikuja yenyewe. Kuna pampu katika utando inayofanya kazi usiku na mchana: hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2. Mwanasayansi Jens Skou wa Denmark ndiye aliyeieleza mwaka 1957, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Hapa Kenya wawindaji wa zamani, kama vile Wakamba na Waata, waliijua nguvu ya pampu hiyo bila kujua jina lake. Walipaka mishale sumu ya mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Ndani ya mti huo mna wabaini, jina ambalo asili yake ni Kisomali. Wabaini huisimamisha pampu, na moyo wa mnyama, hata awe ndovu, ukashindwa kupiga sawasawa.

Kwa sababu ya mpangilio huo wa ioni, ndani ya seli ya neva iliyotulia kuna umeme hasi wa milivolti 70 hivi. Betri moja ya tochi ina milivolti 1,500. Kwa hivyo seli yako ina stima ndogo sana, lakini imo, na ndiyo inayokuwezesha kusoma sentensi hii.

Ujumbe unavyosafiri

Ukikanyaga mwiba wa mgunga, vijilango vya sodiamu katika neva ya unyayo hufunguka ghafla. Sodiamu hufurika ndani, na umeme wa ndani ukageuka kutoka hasi kuwa chanya. Yote hayo huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kisha mambo mawili hutokea ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Kwanza, vijilango vya sodiamu hujifunga vyenyewe. Pili, vijilango vya potasiamu hufunguka, potasiamu ikatoka, na seli ikatulia tena. Pasipokuwa na huko kufunga, neva ingepiga kelele bila kikomo.

Sehemu moja ya neva ikishawaka, huiwasha ya jirani, kama moto unavyoshika nyasi kavu za mbuga za Athi kutoka shina hadi shina. Tofauti ni kwamba nyasi hizi huota tena papo hapo. Katika neva zilizo nyepesi kabisa ujumbe huenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Piga hesabu: hiyo ni zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Hakuna matatu ya barabara ya Namanga inayoweza kuufukuza, hata dereva akiwa na haraka ya namna gani.

Mambo haya yaligunduliwa kwa msaada wa ngisi wa baharini, kwa kuwa ana neva moja nene inayoweza kufikia milimita moja, nayo ni rahisi kutiwa waya. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichapisha maelezo yao mwaka 1952, wakatuzwa Nobel mwaka 1963. Baadaye Wajerumani Erwin Neher na Bert Sakmann walifaulu mwaka 1976 kupima umeme unaopita katika kijilango kimoja peke yake. Wao walituzwa mwaka 1991.

Mafuta na breki

Seli moja ya neva haifanyi kazi kivyake. Mwishoni mwa neva kuna vijilango vya kalisiamu. Ujumbe ukifika hapo, kalisiamu huingia na kuifanya seli imwage kemikali ya kumpasha habari jirani. Kemikali nyingine humchochea jirani, mfano wake ni glutameti. Nyingine humtuliza, na kubwa kati ya hizo ni ile inayoitwa GABA, ambayo hufungua vijilango vya kloridi. Kloridi ikiingia, seli hunyamaza.

Ubongo basi unaendeshwa kama gari: kuna mafuta na kuna breki. Fikiria pia darasa letu. Mwalimu akiuliza swali, mmoja hujibu, wengine husikiliza, wa nyuma hunong'onezana kidogo. Kazi huendelea. Sasa fikiria wanafunzi wote wapige ukelele mmoja kwa pamoja, tena na tena, bila kupumzika. Hakuna somo hapo. Kifafa ni hivyo. Kundi la seli za ubongo huanza kuwaka pamoja kwa mpigo mmoja, kwa sababu mafuta yamezidi au breki zimelegea. Zikiwa seli za upande mmoja tu, huenda mkono mmoja ukatetemeka au mtu akakodoa macho tu bila kujibu. Zikiwa za ubongo mzima, mtu huanguka, mwili ukakakamaa na kutukutika, na fahamu zikampotea.

Je, mbu naye ana mapepo?

Najua yupo atakayesema, "Hayo ni maneno ya vitabu tu." Haya, tuje kwa jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona. Umempulizia mbu dawa ya kopo. Haanguki akafa pale pale, sivyo? Huanguka chali, akatetemeka miguu, akazungukazunguka sakafuni, kisha akakauka.

Dawa nyingi za namna hiyo zilitokana na pareto, lile ua jeupe linalokuzwa nyanda za juu kama Nakuru na Nyandarua. Kwa miaka mingi Kenya ndiyo iliyoongoza duniani kwa kuuza pareto. Kemikali ya ua hilo hushika vijilango vya sodiamu katika neva za mdudu na kuvizuia visifunge. Neva zake huwaka bila kutulia. Sasa nauliza: mbu huyo amerogwa na nani? Ana mapepo gani? Hana. Vijilango vyake vimekwama wazi, basi. Na sisi hatutetemeki tukiinusa kidogo kwa kuwa vijilango vyetu havishikwi nayo kwa urahisi, na miili yetu huivunja upesi.

Mambo hayaishii hapo. Mwaka 2000 watafiti walieleza habari za mbu wa magharibi mwa Kenya ambao dawa hizo hazikuwaangusha. Walipochunguza maagizo ya urithi ya kijilango cha sodiamu, waliona herufi moja imebadilika. Herufi moja tu! Umbo la kijilango likabadilika kidogo, dawa ikakosa pa kushika.

Kama herufi moja inaweza kumwokoa mbu, inaweza pia kumwangusha binadamu. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba watoto wengi wenye kifafa kikali kiitwacho ugonjwa wa Dravet wana kasoro katika jini inayoitwa SCN1A, ambayo ndiyo hutengeneza aina mojawapo ya vijilango vya sodiamu. Hapa pana fumbo. Vijilango vyao vya sodiamu ni vichache au vibovu, kwa hivyo ungedhani ubongo ungetulia kupita kiasi. Kumbe kijilango hicho hutumiwa sana na zile seli za breki! Breki zikikosa nguvu, gari halishikiki. Ndiyo maana dawa fulani za kuziba vijilango vya sodiamu, ambazo huwafaa wagonjwa wengine, huwazidishia watoto hao ugonjwa.

Mifano mingine iko karibu nasi. Koboko, yule nyoka hatari wa maeneo makavu, ana kemikali katika sumu yake inayoziba vijilango vya potasiamu, neva ikakosa kutulia. Daktari wa meno naye hukudunga ganzi kabla ya kung'oa jino. Ganzi hiyo huziba vijilango vya sodiamu vya neva ya jino, ujumbe wa maumivu ukakwama njiani. Kijilango ni kile kile. Kikiachwa wazi ni balaa, kikizibwa kwa kipimo na mahali panapofaa ni dawa.

Kifafa chetu hutoka wapi

Usidhani kila kifafa ni cha kurithi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa Kilifi hapa Kenya, Ifakara Tanzania, Iganga Uganda, na vilevile Ghana na Afrika Kusini. Watu zaidi ya 580,000 walipitiwa. Mambo yaliyoonekana kuandamana na kifafa ni kama matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na maambukizi ya vimelea. Malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo huacha makovu. Mayai ya tegu wa nguruwe, yakiliwa kwenye chakula kichafu, huweza kuleta uvimbe ubongoni. Nayo bodaboda isiyo na helmeti hufanya kazi ile ile. Kandokando ya kovu la ubongo, idadi na mpangilio wa vijilango huweza kubadilika, na hapo ndipo moto huanzia.

Angalia orodha hiyo vizuri. Hakuna mate ndani yake wala kikombe. Kifafa hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa, kula naye au kulala naye chumba kimoja.

Dawa zipo

Tembe za kifafa hufanya kazi kwenye vijilango hivi hivi. Fenobabitali, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, huipa nguvu breki ya GABA. Fenitoini, iliyojulikana mwaka 1938, na kabamazepini huzuia vijilango vya sodiamu visiwake mfululizo. Ile aina ya kifafa ambapo mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache darasani, akaambiwa ni mzembe, hutibiwa kwa dawa inayotuliza vijilango vya kalisiamu. Ni daktari anayejua ipi inamfaa nani. Valproati, kwa mfano, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hivyo wasichana hawapewi ovyo. Kugawana tembe na jirani ni hatari.

Shirika la Afya Duniani linasema kuna watu kama milioni 50 wenye kifafa ulimwenguni, na kwamba hadi 70 kwa kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini takriban robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu. Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto kwa kuangukia mekoni. Alipowapa dawa mfululizo, wengi walipata nafuu. Hapa kwetu, shirika la KAWE lilianzishwa Nairobi mwaka 1982 kwa ajili ya kuwasaidia wenye kifafa.

Neno mfululizo nimelitaja kwa kusudi. Katika mtaa wetu kuna msichana, jina lake nalihifadhi, aliyemeza tembe kwa miezi minane bila kuanguka hata mara moja. Jamaa zake wakaona amepona, wakaziacha dawa kwa mara moja. Wiki haikwisha. Alianguka karibu na jiko la makaa na mkono wake wa kulia ukaungua hadi kiwiko. Kumbe tembe hazikuwa zimeving'oa vijilango vibovu. Zilikuwa zimevishikilia tu, na mkono ulioshikilia ukaondolewa ghafla. Aliporudi kutoka hospitalini, shule yake ikawaambia wazazi wamkalishe nyumbani kwanza kwa vile "anawatisha wenzake". Akapoteza muhula mzima. Sasa amerudi kwenye dawa na yuko katika shule nyingine. Nilimuuliza ni nini kilichomuuma zaidi katika hayo yote. Nilitaraji aseme ni moto. Akanijibu, "Ni kile kikombe changu kilichowekwa dirishani peke yake."

Mwenzako akianguka

Kwa kuwa jambo hili laweza kutokea paredi au uwanjani, tafadhali shikeni haya:

Usikimbie. Ondoa mawe, madawati na vitu vikali vilivyo karibu naye. Mtilie sweta chini ya kichwa na umlegeze tai.

Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi wake, lakini meno yanaweza kuvunjika na kidole chako kikakatika.

Usimkandamize ili aache kutetemeka, na usimmwagie maji. Mtetemeko hautoki mikononi mwake, unatoka ubongoni.

Angalia saa. Mara nyingi huisha kwa dakika moja hadi tatu. Ukipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajaamka, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali mara moja.

Mtetemeko ukiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke. Kaa naye hadi fahamu zimrudie. Atakuwa amechoka na huenda ana haya. Wafukuze wanaomzunguka wakitazama kama sinema.

Wanafunzi wenzangu, bayolojia ya neva tutaifikia Kidato cha Nne, na wengi wetu tutaikariri ili tuandike kwenye mtihani. Lakini jirani yako hatafanya mtihani huo. Bibi yako anayeuza mboga sokoni hataufanya. Wao wanahitaji kuelezwa kwa Kiswahili, jioni, wakimenya viazi: kwamba ubongo una vijilango, kwamba vijilango vikilegea mtu huanguka, na kwamba kuna tembe za kuvishikilia. Mkiulizwa mmeyatoa wapi, waambieni mmeyasoma katika jarida la Chama cha Kiswahili. Na nyumbani kwenu kukiwa na kikombe kilichotengwa dirishani, kioshe ukirudishe kabatini pamoja na vingine.

Kwa hayo machache, natia nanga.